Sauti na Macho Katika Kundi Moja

Jumanne, 14 Machi

Imekatika tena. Mara tano leo. Hilkka alikuwa katikati ya sentensi — "Mwambie Riikka asilete" — halafu kimya. Kamera ya macho imezima vitaa vyake vyekundu, skrini imeganda. Asilete nini? Nikashika kibao cha herufi, nikapitisha kidole safu kwa safu. Akiinua macho juu ni ndiyo, akiyatuliza ni hapana. M. Kisha A. Nikasema, maua? Hapana. Maziwa? Hapana. Maji? Akafumba macho kabisa, akagoma. Kanichoka. Mpaka naandika hapa sijui binti yetu asilete nini.

Nijiandikie hali ilivyo, maana kichwa cha miaka sabini na moja kinavuja. Sanduku ni moja, liko chini ya meza ya kitanda. Ndani yake nimejenga mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili za kufikirika zinazokaa katika chuma kimoja. Ya kwanza naiita Macho. Hiyo ina mfumo mpya, kwa sababu kamera inayofuata mboni za mke wangu Hilkka haitaki mfumo wa zamani. Ya pili naiita Sauti. Hiyo ina mfumo wa zamani, kwa sababu programu iliyobeba sauti yake haitaki mfumo mpya, na walioitengeneza walishafunga duka. Hilkka, aliyebakiwa na macho tu ya kusogeza, anaandika kwa macho kwenye ya kwanza, ya pili inasema. Kamera inataka tundu la USB la kwake. Sauti inataka mawili: la spika, na la kile kijiti cha leseni ambacho kisipokuwepo haifungui kinywa.

Kwenye karatasi ni kazi ya kitoto. Nimeunganisha simu za wilaya nzima miaka thelathini na nane, waya kwa waya, nguzo kwa nguzo. Nishindwe na matundu matatu?

Jumatano, 15 Machi

Nadhani nimejua kosa. Nimekuwa nikiazimisha kifaa kimoja kimoja — kamera kwa huyu, spika kwa yule — huku mashine mama, yaani sanduku lenyewe, ikiendelea kushikilia kamba. Kamera ni nzito, inatuma picha bila kupumua. Mama akitetereka kidogo tu, kamera inaanguka. Dawa ni kukabidhi kidhibiti kizima cha USB, chipu yenyewe inayotawala matundu, na mama atoe mkono. Bodi yangu, ubao mkuu wa sanduku, inavyo vidhibiti viwili. Kimoja kwa Macho, kimoja kwa Sauti. Kwisha.

Baadaye. Haikwisha. Bodi hugawa vifaa kwa makundi yasiyokatika, na vyote viwili viko kundi la kumi na tano. Bodi inavihesabu kama mapacha walioungana: ukimtoa mmoja, umemtoa na mwenzake. Ama Hilkka awe na macho bila sauti, ama sauti bila macho. Nimekaa sakafuni na tochi mdomoni nikicheka peke yangu, na si kicheko cha furaha.

Ijumaa, 17 Machi

Ujinga wa leo uandikwe, Riikka asije akausimulia vibaya. Nilisema nijaribu kukabidhi kundi lote kwa Macho, nione angalau kamera inatulia. Nikaandika amri, nikabonyeza. Ikakubali. Na kibodi yangu ikafa papo hapo, kwa kuwa nayo ilikuwa imechomekwa kwenye kidhibiti nilichokitoa. Nimejifungia nje ya nyumba yangu na ufunguo nimeuacha mezani.

Riikka alikuwa kwenye simu. Akasema, "Baba, yaani umejinyang'anya mikono mwenyewe?" Nikamwambia asicheke. Akazidi. Hilkka alisikia, akacheka pia. Kicheko chake siku hizi ni pumzi na mabega tu, sauti haitoki. Lakini kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu Februari. Nilitaka kujifungia nje tena kesho makusudi.

Jumapili, 19 Machi

Leo sikugusa sanduku. Theluji ya uani imeanza kulowa, paa linatiririka.

Nimefikiria kipindi kile cha kurekodi sauti yake. Majira ya baridi matatu yaliyopita, wiki mbili baada ya daktari kutamka jina la ugonjwa. Sentensi elfu moja na mia sita, hapa hapa meza ya jikoni. Nilichomoa friji isivume. Alisoma huku ananung'unika: "Nani ataniuliza habari za kinu cha upepo nikiwa nakufa?" Nami nikamwambia soma mama, soma. Alikuwa mpishi wa shule, kapika supu ya njegere ya watoto mia nne kila Alhamisi, na koo lake lilikwaruzika kwa mvuke na kupiga kelele. Yeye mwenyewe hakuipenda sauti hiyo hata siku moja. Alisema ni gunia la viazi linaburutwa sakafuni.

Mimi naipenda. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Kila mtu hapa mtaani ana mke mwenye sauti, ila ile ndiyo iliyoniita mezani miaka arobaini na minne. Mwili ugonjwa umeuchukua kidole kwa kidole. Hiyo hauichukui.

Jumatano, 22 Machi

Outi amekuja, yule mtaalamu wa usemi wa manispaa. Msichana mpole, anavua viatu mlangoni kabla hata hujamkaribisha. Kaja na picha ya kifaa wanachoazimisha. Skrini moja, kamera chini yake, ukiwasha kinasema. Nikamwomba nisikie. Mwanamke wa kutangaza hali ya hewa! Safi, laini, hana mahali anapotoka.

Nikasema hapana, asante, mke wangu anayo sauti yake.

Akasema, "Mzee Reino, mimi nataka aongee tu. Leo asubuhi ameongea?"

Nikamuuliza kama anakunywa kahawa na maziwa.

Kabla hajaondoka akanivuta ukumbini, akashusha sauti. Amepima mboni. Zinaanza kuchelewa, hasa ya kushoto. Akasema macho huwa ya mwisho kwenda, lakini huwa hayabaki kwa kila mtu, na kwamba saa zake nzuri ni chache, nisizipoteze. Nikajifanya natafuta kofia yake.

Nilimuuliza Hilkka waziwazi, asije mtu akasema sikuuliza. Nilipiga goti nikasema, "Unataka sauti yako, siyo? Hutaki ya yule mwanamke wa mvua?" Akanitazama muda mrefu. Kisha akainua macho juu. Ndiyo. Basi.

Nimeagiza kadi ya USB ya kuchomeka kwenye bodi. Kidhibiti cha tatu, kundi lake mwenyewe. Inatoka Ujerumani.

Jumamosi, 25 Machi

Siku ya sauna, bafu letu la mvuke. Riikka alikaa na mama yake, mimi na Taisto tukaingia. Taisto ni kaka yake Hilkka, dereva wa lori mstaafu, hajui kuzungusha maneno. Tukamwaga maji kwenye mawe, tukakaa.

Halafu akaanza. "Shemeji, dada yangu alipokuwa mzima hakunyamaza hata akila. Siku hizi kila nikija namkuta bubu, na wewe miguu tu inaonekana chini ya meza."

Nikamweleza makundi, kidhibiti, kamera. Akasikiliza mpaka mwisho, namshukuru. Kisha akasema, "Mimi najua malori. Lori likikataa, mzigo unauhamishia lori lingine. Mzigo huuachi porini ukishinda unabembeleza injini."

Nikamwambia hajui anachosema. Akaniambia nimwage maji, mawe yamepoa.

Riikka naye jikoni: "Kwani baba, si ungenunua kompyuta mbili tu?" Nikasema feni zingempigia mama kelele. Hiyo haikuwa sababu. Sina sababu. Nilianza na sanduku moja na nikataka sanduku moja liweze.

Jumatatu, 27 Machi

Kadi imefika. Kundi la ishirini na mbili — peke yake! Nimeipa Macho, nikavifanya vile vidhibiti vya bodi viwe vya Sauti, kibodi yangu nikaihamishia kwenye tundu la zamani la duara kabla sijafanya lolote. Saa tano na nusu asubuhi kamera ikawaka, ikatulia.

Hilkka ameongea kwa muda wa saa tatu. Kwa sauti yake. Ile ya viazi. Nilisimama nimeshika mlango.

La kwanza alilosema: "Mapazia ni machafu." La pili: "Mwambie Riikka asilete maandazi." Maandazi ya iliki! Kila Jumamosi binti yetu anayaleta, na mimi nayala pale pale pembeni ya kitanda nikidhani harufu inamfurahisha. Akasema, taratibu, neno kwa neno: "Siwezi kumeza. Harufu inanitesa. Mnakula mbele yangu." Wiki mbili alikuwa analisema hilo, na mimi namuuliza maziwa.

Nimefungua madirisha yote. Maandazi yaliyobaki nimewatupia ndege.

Ijumaa, 31 Machi

Mbio za sakafuni. Kadi ina ugonjwa wake. Ikikabidhiwa mara ya kwanza inafanya kazi, ila mashine ya Macho ikiwashwa upya, kadi haiamki. Imelala kama samaki wa barafu. Inabidi kuzima sanduku zima, kungoja, kuwasha yote. Dakika kumi na moja nimehesabu. Na kila baada ya saa mbili tatu programu ya kamera inajikwaa na kutaka kuwashwa upya.

Nimeshinda nikizima na kuwasha, nikiandika kila kilichobadilika. Mara kumi na saba. Hilkka anangoja akitazama dari. Hapo katikati niliona machozi. Nikayafuta. Nikamwambia bado kidogo.

Jumapili, 2 Aprili. Jumapili ya Matawi

Sitachana ukurasa huu.

Kila mwaka siku hii watoto wa mtaani wanapita nyumba kwa nyumba wamevaa kama wachawi, vitambaa vya kichwa vya bibi zao, madoa mashavuni, na vijitawi vya mti wa mwerebi walivyovipamba kwa manyoya na karatasi. Wanakupungia kijitawi wanakuombea mwaka wa afya na uzima, wanakuachia tawi, wewe unawapa pipi. Hilkka ndiye aliyekuwa akifungua mlango, miaka yote. Aliwajua kwa majina hata wakijipaka masizi, maana aliwapikia.

Leo aliamka na jambo lake. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa anaandika. Alihifadhi sentensi, akarudi, akaifuta, akaandika tena. Sikuisoma, aliniamuru kwa macho nigeuke. Saa nne hivi nikaona kamera imeanza kuchelewa. Nikajua inaelekea kukatika. Nikajisemea, wacha niiwashe upya sasa, kabla watoto hawajafika, niwe nimetangulia. Na nilikuwa na mpangilio mpya nilioufikiria kitandani, nikaona nichanganye humo humo, mkono mmoja.

Sikumuuliza. Nilizima tu.

Kengele ikalia dakika ya pili.

Walikuwa wasichana watatu. Mkubwa ni mjukuu wa jirani, Vilma, ana miaka tisa. Nikawaingiza mpaka chumbani, sikuweza kuwafukuza. Wakajipanga kando ya kitanda. Wakapunga vijitawi juu ya mikono yake isiyosogea, wakamwombea kwa pamoja awe mbichi kama tawi na mzima mwaka huu unaokuja. Walisema yote bila kukosea. Kisha wakangoja.

Hilkka alitazama skrini. Nyeusi. Akanitazama mimi. Akatazama skrini. Nami niko magotini na waya mkononi nasema, "Inakuja, inakuja, dakika mbili." Haikuja. Mdogo wao akamuuliza Vilma kwa kunong'ona, "Amekasirika?" Vilma akasema, "Hapana, yeye haongei tena."

Nikawapa pipi. Wakavaa viatu, wakaondoka.

Sanduku lilipoamka nilifungua mahali alipohifadhi. Hakuna kitu. Kwa ule mpangilio wangu mpya nilikuwa nimerudisha mashine ya Macho kwenye nakala ya jana. Saa mbili za macho yake nimezifuta mwenyewe. Nilimuuliza kwa kibao ilikuwa nini, nikapitisha kidole safu zote, mara mbili. Macho yake hayakupanda kwenye herufi yoyote.

Jumatatu, 3 Aprili

Riikka amempigia Outi bila kuniuliza. Mchana kifaa kilikuwa hapa. Robo saa, kimewaka. Sikusaidia. Nilikaa jikoni nikisikia soksi za sufi za Outi zinazunguka.

Walipomaliza nikaitwa. Hilkka akaandika. Yule mwanamke wa hali ya hewa akasema:

"Sauti ile ni wewe uliyeitaka. Mimi nilitaka kuongea."

Nikamwambia, "Lakini nilikuuliza. Ulisema ndiyo."

Ikachukua muda. Kisha: "Ulikuwa umepiga goti, Reino. Ningesema nini?"

Outi akaanza kukunja waya. Riikka akatazama dirishani. Mimi nilisema nakwenda kuangalia kuni.

Jumanne, 4 Aprili

Nimepanga kuni. Zilikuwa zimepangwa tayari.

Alhamisi, 6 Aprili

Wanaongea. Riikka amechukua likizo, anakaa humo tangu asubuhi mpaka macho ya mama yake yachoke, yaani kama saa sita mchana. Kupitia ukuta nasikia mwanamke nisiyemjua anasimulia mambo ya nyumba yangu. Anasimulia jinsi nilivyoungua kidole siku ya harusi. Anasimulia mtoto wa kwanza, yule aliyeishi siku nne — hatujawahi kulitaja jina lake mbele ya Riikka. Sasa limetajwa, kwa sauti ya kutangaza mvua. Nikasikia Riikka analia, na yule mwanamke anasema, "Lia tu, mwanangu. Hata mimi sikupewa nafasi ya kulia."

Ningeweza kuingia. Mlango uko wazi kiasi cha mkono. Lakini naona haya. Mtu anaona haya mbele ya mkewe wa miaka arobaini na minne! Nilichofanya ni kuhamishia sanduku jikoni na kulifungua. Ndicho ninachojua kufanya nikiwa sijui la kufanya.

Outi amepita jioni kidogo. Mboni ya kushoto haifuati tena. Wamepanga kifaa kifuate ya kulia pekee. Nikauliza, hiyo ya kulia ina muda gani? Akasema hataki kunidanganya.

Jumamosi, 8 Aprili

Imekubali.

Nililala chali kwenye sakafu ya jikoni saa tatu asubuhi, nikahamisha kadi kutoka tundu la chini la bodi kwenda la juu, lile ambalo siku zote lilikuwa na kadi ya picha nisiyoihitaji. Ni hilo tu. Tundu la juu linakwenda moja kwa moja kwenye kichakataji, la chini linapitia chipu nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa inailaza kadi. Nimewasha upya mashine ya Macho mara ishirini. Mara ishirini kadi imeamka. Sauti ina spika yake na kijiti chake, haigusani na mwenzake. Mama ametoa mkono. Wiki nne, na dawa ilikuwa kuhamisha kitu kwa upana wa kiganja. Sikufurahi hata kidogo, nilijisikia kama mtu aliyefika kituoni akaliona basi limegeuza kona.

Kisha nikafanya kosa, au sijui kama ni kosa. Nilitaka kujua spika inasikika. Nikafungua Sauti, nikaandika neno lililokuja, nikabonyeza.

"Reino."

Kwa kukwaruza kule kule. Nyumba nzima.

Chumbani yule mwanamke alikuwa katikati ya sentensi. Akanyamaza. Riikka akatoka mbio, uso umembadilika, akasimama mlangoni pa jikoni. Akanitazama, akatazama sanduku sakafuni. Akasema, "Baba, nilidhani—" Hakumalizia. Akaketi kwenye kiti akajifunika uso na taulo ya vyombo.

Nikainuka. Nikaingia chumbani, mara ya kwanza tangu Jumatatu kuingia bila chakula cha mrija wala dawa mkononi. Hilkka alikuwa ananitazama kwa jicho la kulia. Nikamwambia imekubali. Nikamwambia sijaja kumwomba kitu na siwezi kupiga goti, kiuno kimekufa kwa kulala sakafuni, kwa hiyo ajibu anavyotaka. Nikamwambia naweza kuileta hapa akaongea kwa sauti yake. Au naweza kuichomoa leo, niipeleke ghalani, nikae hapa kwenye kiti nimsikilize huyu mama wa mvua mpaka mwisho. Na kama hataki nikae, pia aseme. Nikamwomba radhi kwa wale wasichana. Nililia, naliandika.

Akageuza jicho kwenye skrini, akaanza.

Hiyo ilikuwa saa nne na dakika kumi. Jicho moja linakwenda polepole, herufi inajaa rangi, inakubali, linahamia nyingine. Riikka amekuja kusimama nyuma yake, anasoma. Mimi nimekaa upande huu, sioni skrini. Nimechukua daftari kwa kuwa sijui mikono niiweke wapi. Nilimuuliza Riikka, ni ndiyo au hapana? Akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni.

Sasa ni saa nne na dakika hamsini. Saa zake nzuri zinaishia sita. Riikka hasogei. Hilkka hajasita hata mara moja, hajafuta, anaandika tu, na bado hajamaliza. Nangoja.